Mlango wa oveni ya kuni kutoka karakana za Gerezani, Dar es Salaam: nimeupima kwa karatasi, tochi na udi

Kwa wale wasiopenda kusoma mpaka chini, jibu ni hili: bawaba na komeo kazi safi sana, uchomeleaji safi kwa macho, ila mlango wa kwanza walionitengenezea ulibenuka ulipokutana na moto na ukawa unavuta hewa kwenye kona za juu. Niliurudisha, wakaurekebisha kwa nyongeza kidogo ya hela na maneno mengi, na sasa hivi uko poa. Nyota tatu na nusu kati ya tano. Jina la karakana siliweki maana tumeshamalizana vizuri, na kiukweli mafundi wengi wa pale wanafanya kwa mtindo huohuo, kwahiyo ukienda kwa jirani yake ungekutana na mlango uleule.

Sasa kwa mnaosoma. Mimi naoka mikate na skonzi huku Tabata, oveni yangu ya chuma, chini chemba ya kuni, juu chemba ya mikate yenye shelfu tatu, bomba la moshi linatoka kwa nyuma linapanda hadi juu ya paa. Najua mtasema mama hamia gesi, na serikali nayo inasema hivohivo, ule Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 mpaka 2034 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Sawa, nitahamia, ila leo oveni iliyopo ni hii na wateja wanataka mkate saa kumi na moja alfajiri.

Mlango ninaouzungumzia ni wa chini, wa kuni, upana sm 50 urefu sm 40. Ule wa zamani ulikuwa bati la mm 2 ambalo lilishajikunja mpaka ukifunga unaona moto pembeni. Watu wanadhani shida ya mlango kuvuja ni moshi kuwasumbua macho, moshi ni sehemu ndogo tu. Kwenye oveni ya kuni wewe unaendesha moto kwa hewa, kile kidirisha cha hewa kwenye mlango ukikifungua moto unapanda ukikibana unatulia. Mlango ukiwa na nyufa kidirisha kinakuwa pambo, ukibana usibane hewa inaingia inakotaka, kuni zinaisha kabla hata mikate ya awamu ya pili haijaumuka, joto lote linapanda na bomba linaenda kuwapasha kunguru. Na mikate inaungua upande mmoja, kwangu ilikuwa upande wa kushoto, kwasababu hewa iliyokuwa inapenya kule ilikuwa inapuliza moto kona ile tu.

Kwahiyo nikaenda Gerezani. Ukishuka kituo cha mwendokasi unaziskia nyundo kabla hujaona chochote, afu ukiingia ndani kila mtu anakuita mama njoo huku mama unataka nini, majiko, mageti, matoroli, mabomba, vyote vipo. Nilimpata fundi mtu mzima kidogo na vijana wake, tukakubaliana pleti ya mm 4, fremu ya engo laini, bawaba nene, komeo la kuzungusha linalobana, na kwa ndani mfereji wa flatibaa mbili kuzunguka ukingo wa mlango ili kamba ya kuzibia ikae humo. Laki na themanini bila kamba, kamba nitafute mwenyewe nije nayo ipachikwe palepale. Kwa bei ya chuma ilivyo sasa mimi niliona ni haki.

Mlango ulikuwa tayari siku waliyoahidi, hii naiandika kabisa maana nyie mnajua ahadi za mafundi. Bawaba hazichezi, ukiushika ukautikisa juu chini hausogei. Komeo lina mteremko, yaani kadri unavyolizungusha ndivyo linavyouvuta mlango kwenye fremu, sio lile la kuingia kwenye tundu basi. Hapo fundi aliniheshimisha. Akaufunga akaupiga kofi akaniambia, "Mama, huu hata sisimizi hapiti."

Nikamwambia fundi wangu, sisimizi sina ugomvi nao, mimi nina ugomvi na hewa, naomba niupime. Vijana wake wakacheka. Nikatoa karatasi.

Kipimo cha karatasi ni rahisi mno na sijui kwanini watu hawakifanyi. Unachana kipande cha karatasi ya daftari, upana wa vidole viwili, unafungua mlango ukiwa wa baridi unakiweka kati ya kamba na fremu, unafunga na komeo unabana kama kawaida yako, halafu unakivuta. Kikitoka kwa shida au kikichanika, pale pamebana. Kikitoka chenyewe kama unatoa barua kwenye bahasha, pale pana njia ya hewa. Unazunguka mlango mzima, kila baada ya kiganja kimoja unarudia, na kona zote nne usiruke hata moja. Wazungu wanatumia noti, noti ni ngumu na laini kwa wakati mmoja inafaa kweli, ila sio Gerezani, noti yako utaivuta mwenyewe na wenzako wanaivuta. Risiti za mashine za EFD za dukani nazo ziache, ni nyembamba sana zinakudanganya.

Mlango ukapita. Upande wa bawaba ulibana zaidi kidogo kuliko upande wa komeo, hiyo kawaida, kamba ikiwa mpya ndo inavokuwa na inajilaza yenyewe. Ingebana sana upande wa bawaba kiasi cha upande wa komeo kuelea hapo ndo kuna shida, kamba inakuwa nene kuliko mfereji, au bawaba zimewekwa karibu mno na fremu.

Nikaomba na rula. Ile rula ndefu ya chuma, ukikosa chukua skweapaipu mpya isiyopinda, unailaza kwa ubavu juu ya mlango kutoka kona kwenda kona, afu kona nyingine, afu katikati, unachungulia chini yake kama kuna mwanga. Fanya na kwenye fremu pia!! Watu wanapima mlango tu, kumbe mlango umenyooka fremu ndo imepinda, utabadilisha milango mitatu. Wangu ulionyesha mwanga mwembamba katikati, labda unene wa karatasi mbili tatu, fundi akasema hiyo ni joto la kuchomelea itakaa sawa. Nikaona haina neno, kamba ya mm 12 inabonyea, mm moja mpaka mbili inaimeza.

Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, mpaka Tabata, tukaufunga mimi na mdogo wangu, jioni taa tukazima. Hiki ni kipimo cha pili, tochi. Unaweka tochi inayowaka ndani ya chemba, unafunga, unazima kila kitu chumbani unauzunguka mlango kwa macho. Mwanga ukiona hata wa sindano unauwekea alama ya chaki. Hatukuona kitu. Nikasema basi leo nimepata mlango.

Usiku ule tukawasha.

Kwa saa ya kwanza sikuona tatizo. Ilipofika chemba ya juu kwenye nyuzi 200 na kitu ndo nikaanza kuhisi moto haunisikii. Nabana kidirisha, hautulii. Nabana mpaka mwisho, unaunguruma vilevile. Moshi hakuna hata kidogo nje, na hapa ndo naomba mnielewe vizuri kwasababu ndo kitu kinachowapoteza wengi: oveni ikishapata moto na bomba linavuta vizuri, ufa kwenye mlango hautoi moshi, unaingiza hewa. Bomba linanyonya. Kwahiyo mtu anaangalia hakuna moshi anasema mlango mzima, kumbe unavuja kwa ndani. Moshi utauona wakati wa kuwasha bomba likiwa bado la baridi, au kuni zikiwa mbichi, au upepo ukirudi chini na bomba.

Nikachukua udi. Sio kwa ajili ya harufu, ingawa harufu nayo haikuwa mbaya. Udi wa kijiti unauwasha unauzima mwali ubaki unafuka, unaupitisha taratibu kandokando ya mlango, kama sm 2 kutoka kwenye ufa, mkono usitetemeke na feni imezimwa. Pale palipobana moshi wa udi unapanda juu moja kwa moja hauna habari. Nilipita upande wa bawaba, sawa. Chini, sawa. Nilipofika kona ya juu upande wa komeo ule uzi wa moshi ukavunjika katikati, ukalala, ukaingia ndani ya mlango. Nikasogeza mkono nikarudisha, ukaingia tena palepale. Kona ya juu ya pili hivohivo ila kwa uvivu kidogo. Mdogo wangu akawa ananiangalia mimi tu.

Asubuhi oveni ilipopoa nikarudia karatasi. Kona ya juu ya komeo karatasi ikatoka bila kuvutwa. Na kwenye fremu kona ileile kulikuwa na mstari wa masizi umepita juu ya sehemu ambayo kamba ilitakiwa igandamize, masizi ya ule muda wa kuwasha, ni ushahidi wa bure huo, mtu yeyote mwenye oveni kafungue mlango saa hizi aangalie alama ya kamba kwenye fremu, ikiwa imezunguka safi bila kukatika uko salama, ikiwa imekatika mahali masizi yamepita, hapo ndo njia. Rula nayo sasa ikawa inasema kingine, kona ya juu imeinuka karibu mm 4.

Kwanini imetokea, nimemuuliza fundi mwingine wa boila ninayemfahamu akanieleza nikaelewa. Chuma kikipata moto kinatanuka, pleti ya sm 50 ikipanda nyuzi 400 inaongezeka mm 2 na kitu. Sasa uso wa ndani wa mlango unatazama moto, uso wa nje unatazama barazani. Wa ndani unatanuka zaidi ya wa nje, kwahiyo mlango unapiga tumbo kuelekea motoni, na tumbo likienda ndani kona zinakuja nje. Za juu ndo zaidi kwasababu joto linapanda. Ukipoa ulitakiwa urudi, ila chuma cha kawaida kikikaribia nyuzi 600 kinapoteza karibu nusu ya nguvu yake, kikibanwa na komeo katika hali hiyo kinakubali umbo jipya, hakirudi tena. Ndo maana mlango wako ukiuona gizani umeanza wekundu usishangilie moto mzuri. Na lile tumbo dogo nililoliona Gerezani kwa rula lilikuwa ni la uchomeleaji, kijana alivuta mkanda mrefu wa welding kuzunguka mfereji kwa mkupuo mmoja, badala ya kupiga vidoti huku, anahamia upande wa pili, anaacha ipoe, anarudi. Pleti ilishaanza kujikunja kabla hata ya kuondoka karakana.

Nikaupakia nikarudi nao.

Fundi mwanzo akawa mkali. Mama umeuzidishia moto. Nikamuuliza fundi, mlango wa chemba ya kuni unategemea upate nini, barafu? Mzee mmoja aliyekuwa amekaa pembeni anapiga msasa akasema mama ana haki. Nilimuwekea rula mwenyewe, nikampa na karatasi avute kwa mkono wake, akanyamaza, akaniambia, "Haya mama, acha niuone vizuri." Kutoka hapo tukaelewana, na hii ndo sababu ya nyota tatu na nusu badala ya mbili, kuna mafundi ukirudi kwao hawakujui.

Walichofanya: walinyoosha pleti, wakakata ule mkanda wa welding sehemu sehemu wakaurudia kwa vidoti, halafu kwa ndani wakaongeza pleti ya pili ndogo ya kukinga moto, imekaa mbali na mlango kama sm 2, imeshikwa na bolti nne ambazo matundu yake yameachwa makubwa ili pleti ikitanuka ipate pa kwenda. Hiyo ngao ndo siri yote. Moto unaipiga yenyewe, mlango wa nje unapumua. Ikichoka unabadilisha ngao tu unaacha mlango. Wamenitoza elfu thelathini na tano, niliona ingekuwa bure lakini chuma kimeongezeka kweli kwahiyo nimelipa bila kinyongo sana.

Tukawasha tena. Udi ukapanda juu kona zote. Nikibana kidirisha moto unashuka, naangalia kupitia tundu la hewa naona ndimi zinafupika. Kuni za mwembe nilizokuwa namaliza kwa awamu mbili sasa zinanipeleka mpaka ya tatu, na mikate ya kushoto na kulia rangi moja. Rula nimeirudia baada ya wiki kadhaa za kuwasha kila usiku, bado iko ndani ya kile kinachomezwa na kamba.

Kuhusu kamba nisiwachoshe ila msiponzwe. Ukienda maduka ya vipuri Kariakoo ukiomba kamba ya moto wengine wanakutolea nyeupe ya zamani wanaiita asbesto kwa fahari kabisa. Hiyo acha. Asbesto vumbi lake linaingia kwenye mapafu linakaa, saratani yake inaweza kujitokeza miaka mingi baadae, na sisi humo ndani tunaoka chakula. Omba ya faibaglasi iliyosukwa, inavumilia nyuzi 500 na kitu, mm 10 au 12 kulingana na mfereji wako, ibonyeze kwa kidole lazima iwe laini irudi. Ukiipachika usiivute, iweke ilegee kidogo, ukiivuta inakuwa nyembamba na baadae inajirudi inaacha pengo kwenye jointi. Jointi iweke chini au upande wa bawaba, sio kona ya juu. Ya kugandishia tumia ile saruji ya kuvumilia moto, silikoni nyekundu ya injini nyingi zinaishia nyuzi 300 na kidogo, kwenye chemba ya kuni hazifiki mwezi. Na ukibandua ya zamani usiyoijua ilitoka wapi iloweshe kwanza maji, vaa barakoa, usiipige brashi kavu.

Kamba ikishakuwa ngumu kama kijiti, au imeng'aa na kukauka sehemu moja, hata kama mlango umenyooka hautabana. Chaki inakuonyesha haraka, paka chaki ukingo wa fremu unaogusana na kamba, funga, fungua, kamba ikiwa na weupe mzunguko mzima basi inagusa kote.

Kuna waliouliza kuhusu kuweka kioo mlangoni ili uone moto. Kinawezekana kama ni kioo maalum cha seramiki cha majiko, kioo cha dirisha kitapasuka usoni kwako, na mimi kwa kazi ya mikate sioni faida yake zaidi ya kukifuta masizi kila siku.

Kitu kimoja ambacho sitanii nacho. Sisi waokaji tunafanya kazi usiku na kuna vijana wanajilaza palepale chumba cha oveni wakisubiri unga uumuke, hasa msimu wa mvua madirisha yamefungwa. Moto ukibanwa ukabaki unafuka, bomba linakuwa halivuti sawasawa, na mlango unaovuja unaweza kuachia kaboni monoksidi chumbani. Haina rangi haina harufu, anaelala haamki. Mimi kwangu kulala humo marufuku na dirisha moja halifungwi hata inyeshe vipi, mlango mzuri au mbaya.

Kwa hiyo nani aende pale. Kama unataka mlango wa chemba ya mikate, ule wa juu usiotazama moto, nenda macho yamefumba, pleti mm 3 inatosha, kazi yao ya bawaba na komeo hutajuta. Kama ni mlango wa kuni, waambie tangu siku ya kwanza unataka ngao ndani na welding ya vidoti, iandikwe kwenye ile karatasi yao ya oda na upana wa mfereji wa kamba, nenda na kipande cha kamba yako mkononi wapimie. Lipa nusu, na mkubaliane kabisa kwamba nusu ya pili inalipwa mlango ukishawaka moto mara kadhaa na ukapimwa tena ukiwa umepoa. Fundi wangu sasa hivi anakubali masharti hayo bila kununa, ameshanizoea.

Nyota moja na nusu nilizokata, moja ni kwa mlango uliobenuka na nusu ni kwa usafiri wa kirikuu mara ya pili, maana hiyo hela hakunirudishia na nilimuomba. Rangi ya kuvumilia moto waliyopaka nayo imeanza kutoka kwenye mpini, sijui kama ilikuwa ya moto kweli au ya geti. Asubuhi ndo muda mzuri wa kwenda, mchana kuna foleni ya mageti na hawana muda wa kukusikiliza, Jumapili wamefunga, na ukifika usikubali bei ya kijana wa mbele, ingia ndani umtafute mwenyewe.